"Matibabu ya Uso" na "Ukuaji wa Seli": Uhakiki wa Sentensi Moja Kuhusu Mfupa Uliovunjika

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Katika insha hii nahakiki sentensi moja ya sayansi. Sentensi yenyewe haina mwandishi mmoja. Anayesoma habari za vifaa vya kutengenezea mifupa atakutana nayo mara kwa mara, maneno yakibadilika kidogo tu. Ikiletwa kwa Kiswahili neno kwa neno, inasomeka hivi: "Matibabu ya uso ya biomateria huboresha ukuaji wa seli za mfupa." Biomateria ni kitu chochote kilichotengenezwa kikae ndani ya mwili kifanye kazi ya kiungo au kukisaidia kiungo, kiwe cha metali, cha kauri au cha plastiki maalumu.

Hoja yangu ni kwamba sentensi hii si ya uongo, lakini imefunika mambo matatu ambayo msomaji anayahitaji kuliko yote: seli zinafanya nini hasa, kifaa kimewekwa kwa kazi gani, na uso huo una umri gani unapofika kwa mgonjwa. Naongeza kwamba Kiswahili kina maneno ya kuyafunua mambo hayo. Yanafunikwa kwa sababu tunanakili umbo la sentensi ya kigeni badala ya kuuliza inasema nini.

Nimeichagua sentensi hii nikiwa na Rumonge akilini. Mji huo uko kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya taifa namba 3 inayofuata ufuo wa Ziwa Tanganyika kuelekea Nyanza-Lac. Ni mji wa mawese, ndagala na mukeke, na ni mojawapo ya sehemu za Burundi ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani na sokoni. Mifupa huvunjika huko kwa njia zinazojulikana na kila mtu: mkwezi anateleza juu ya mchikichi akiwa na panga mkononi, abiria wa pikipiki anagongwa na lori, mvuvi anabanwa mguu mtumbwi unapovutwa nchi kavu. Jamaa wa mtu huyo watazungumza na muuguzi au daktari kwa Kiswahili au Kirundi, na neno watakaloambiwa ndilo watakalolipia. Malipo si jambo dogo. Mwaka 2006 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wagonjwa maskini waliozuiliwa katika hospitali za Burundi kwa kushindwa kulipa gharama. Mwaka huohuo serikali ilitangaza matibabu ya bure kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Mkwezi wa michikichi hakuwa katika makundi hayo mawili. Kwa hiyo maneno "huboresha" na "kisasa" yanaweza kuuza shamba la mtu. Ni haki yetu kuyachunguza.

Uso upi, na matibabu gani?

Naanza na "matibabu ya uso". Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, anayetibiwa ni mwenye maradhi, na uso, usipofafanuliwa, ni wa mtu. Nilimjaribia shangazi yangu, anayeanika ndagala, nikamwambia kuwa siku hizi wataalamu wanafanya matibabu ya uso wa chuma kinachoingizwa mguuni. Alicheka akaniuliza, "Mwanangu, kwani chuma nacho kina chunusi?" Swali lake ni uhakiki kamili wa istilahi hiyo. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa "matibabu" lina maana mbili: kumtibu mgonjwa, na kukifanyia kitu kazi fulani ili kibadilike. Kiswahili hakijaziunganisha maana hizo katika neno moja. Anayeandika "matibabu" amechukua maana ya kwanza mahali palipohitaji ya pili.

Mafundi wetu wana maneno sahihi. Seremala huupiga mbao msasa kabla ya rangi. Mwashi hugongagonga ukuta laini wa saruji ili lipu ishike. Mtengeneza mitumbwi hukausha na kusafisha ubao kabla ya kuupaka lami. Wote hao wanauandaa uso upokee kitu kingine. Basi istilahi inayofaa ni "kuandaa uso" au "uandaaji wa uso", na ina faida ya kumlazimisha mwandishi aendelee: umeandaliwa kwa kufanywa nini, na ili upokee nini?

Katika biomateria za mifupa majibu ya swali la kwanza ni ya aina nne hivi. Njia ya kwanza ni kukwaruza: uso wa titani hupigwa chembe ngumu kwa kasi, kisha hutiwa katika asidi kali ili ubaki na mashimo madogo yasiyoonekana kwa macho. Njia ya pili ni kupaka: unga wa hidroksiapatiti, yaani madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na yale ya mfupa wenyewe, huyeyushwa kwa moto mkali wa plazma na kurushwa juu ya metali. Njia ya tatu ni kubadili kemia ya uso bila kupaka kitu kinachoonekana, kama vile kuipitisha polima katika plazma ya oksijeni au kuiloweka katika magadi makali. Njia ya nne ni kuning'iniza juu ya uso vipande vya protini ambavyo seli huvitambua. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kuwa sehemu fupi sana ya protini iitwayo fibronektini inatosha kuifanya seli ishike, na tangu hapo wengi wamejaribu kukibandika kipande hicho kwenye vipandikizi.

Kwa nini uso uwe na nguvu kiasi hicho? Chukua sahani mbili katika nyumba yoyote ya Rumonge, moja iliyopakwa mawese na nyingine iliyooshwa vizuri. Mwagia kila moja tone la maji. Kwenye mawese tone litajikunja kama shanga, na kwenye sahani safi litatandaa. Kipandikizi kinapoingia mwilini kinakutana kwanza na maji, halafu na protini za damu, na baadaye sana na seli. Seli haigusi chuma chenyewe. Inagusa protini zilizotangulia kukaa juu yake. Uso unaokataa maji huzipokea protini kwa namna tofauti na uso unaoyapokea, na seli zinazofuata huona tofauti hiyo. Plastiki nyingi zinazotumiwa kutengeneza viunzi vya kuzibia pengo la mfupa hukataa maji zikiwa hazijaandaliwa. Hapo uandaaji wa uso una sababu ya wazi, wala sina ugomvi nao.

Seli "kukua" ni kufanya nini?

Ugomvi wangu mkubwa ni na neno "ukuaji". Kwa Kiswahili mtoto hukua, mti hukua, mji hukua. Seli moja inaposemwa imekua, tunaelewa imekuwa kubwa. Lakini mwandishi wa sentensi yetu hakumaanisha hivyo. Kwa kawaida alihesabu seli, au alipima rangi, akakuta nyingi zaidi kwenye uso ulioandaliwa. Hilo ni kuongezeka. Nalo ni hatua moja tu kati ya kadhaa.

Seli inayojenga mfupa, iitwayo osteoblasti, kwanza hushika kwenye uso. Pili, hujitandaza. Tatu, hugawanyika, zikawa nyingi. Nne, hukomaa, yaani huacha kugawanyika kwa wingi na kuanza kutoa protini za kazi yake. Tano, huweka madini, na hapo ndipo mfupa huanza kuwa mfupa. Kiswahili kina kitenzi kwa kila hatua: kushika, kutandaa, kugawanyika, kukomaa, kuweka madini. Ni vitenzi vya kila siku, havihitaji kamati. Neno "ukuaji" limevimeza vyote vitano.

Mtu anaweza kusema kwamba hilo ni suala la lugha tu, kwamba hatua hizo huenda pamoja, na kinachosaidia moja husaidia zote. Sivyo ilivyo. Katika mfululizo wa kazi zilizoanza kuchapishwa mwaka 1995, Barbara Boyan, Zvi Schwartz na wenzao walilinganisha seli kwenye titani laini na kwenye titani yenye mikwaruzo. Kwenye uso wenye mikwaruzo seli ziligawanyika kidogo zaidi, zikawa chache. Lakini dalili za kukomaa, kwa mfano protini ya osteokalsini, ziliongezeka. Kwa hiyo uso uleule ulipunguza jambo moja na kuongeza jingine. Mwandishi anayetumia "ukuaji" anaweza kuuita uso huo mbaya au mzuri, kwa kutegemea siku aliyohesabu na kitu alichohesabu. Msomaji hawezi kujua. Tena, kwa mtu anayetaka mfupa, uso wenye seli chache zilizokomaa huenda ndio bora. Neno "ukuaji" limempa picha iliyopinduka.

Kipimo nacho kina lugha yake. Njia mojawapo inayotumiwa sana, iitwayo MTT, hupima rangi ya zambarau inayotokea seli hai zinapobadilisha kemikali fulani. Inaonyesha kiasi cha shughuli ndani ya seli. Seli chache zenye shughuli nyingi na seli nyingi zenye shughuli kidogo zinaweza kutoa rangi sawa. Anayeitafsiri rangi hiyo kuwa "ukuaji" ameruka hatua.

Swali jingine ni "seli za mfupa" za nani. Seli ziitwazo MG-63, zilizotumika katika majaribio mengi ya aina hii, zikiwemo kazi za mwanzo nilizozitaja za Boyan na wenzake, zilitokana na saratani ya mfupa ya kijana wa miaka 14. Nyingine, MC3T3-E1, zilitoka kwa panya. Zina manufaa, kwa sababu huishi vizuri katika sahani ya maabara na watafiti wa nchi mbalimbali wanaweza kulinganisha matokeo. Lakini seli ya saratani ina tabia ya kugawanyika bila kuhitaji kubembelezwa. Kuiandika kwa jina la jumla "seli za mfupa" katika sentensi inayosomwa na jamaa wa mgonjwa ni kumwonyesha mtu picha ya jirani ukamwambia ni yake.

"Huboresha": kwa kazi ipi?

Neno la tatu ni "huboresha". Kitenzi hiki kinadai kuwa kuna ubora mmoja, na kwamba uso unaopendwa na seli unaukaribia. Historia yenyewe ya jambo hili inaonyesha ni wapi dai hilo lina nguvu. Mwaka 1952 huko Uswidi, Per-Ingvar Brånemark aliingiza vifaa vya titani katika mifupa ya sungura ili achunguze damu inavyopita, kisha akakuta haviwezi kutolewa kwa urahisi, mfupa umevishika. Mwaka 1965 alianza kuwawekea binadamu mizizi ya meno ya titani. Katika kazi hiyo kipandikizi na mfupa vinatakiwa viwe kitu kimoja kwa maisha yote. Uso ulipoanza kukwaruzwa kwa chembe na asidi, madaktari wa meno waliweza kupunguza muda wa kungoja kabla ya kuweka jino juu, kutoka wiki zipatazo 12 hadi 6. Huko neno "huboresha" limestahili.

Mguu wa mkwezi wetu una kazi tofauti. Chuma kinachopitishwa ndani ya mfupa wake wa paja hakiungi mfupa. Mfupa hujiunga wenyewe, na chuma huushikilia ukae sawa wakati unajiunga. Baada ya hapo, pengine chuma kitatolewa. Chuma kilichoandaliwa seli zishike kwa nguvu kinaweza kuwa taabu siku ya kukitoa. Ndiyo maana kuna watafiti, hasa Uswisi, waliokwenda kinyume: walizing'arisha sahani na misumari ya titani ziwe laini zaidi ili mfupa usizishike mno. Kwao, kuboresha ni kupunguza kushika. Sentensi yetu haina nafasi ya kazi ya namna hiyo, kwa sababu imekwisha kuamua kuwa seli nyingi ni heri.

Kisha kuna wageni wasioalikwa. Mwaka 1987 Anthony Gristina aliandika kwamba kila kipandikizi ni uwanja wa mbio za kuuwahi uso: seli za mwili zikiwahi, uso ni wao, na bakteria zikiwahi, hujenga utando juu yake ambao dawa huupenya kwa shida. Uso unaopokea seli vizuri huweza kupokea bakteria vilevile, maana mashimo na protini ni zilezile. Ukiwa na mfupa uliotoboa ngozi, udongo wa shamba la michikichi ndani ya jeraha, na safari ya kilomita 75 kwenye barabara ambayo miaka ya karibuni maji ya ziwa yameila sehemu kadhaa, mbio hizo zimekwisha kuanza kabla ya daktari kuvaa glavu. Katika hali hiyo maji mengi safi ya kuoshea jeraha, dawa za kuua bakteria zinazoanzwa mapema, na kisu cha kuondoa nyama iliyokufa ndivyo vinavyowapa seli nafasi ya kushindana.

Sitaki msomaji aelewe kwamba uandaaji wa uso hauna kazi Rumonge. Mfupa uliotoboa ngozi mara nyingi hushikwa kwa fremu ya nje, yenye pini zinazopita kwenye ngozi hadi mfupani. Pini hizo hulegea, na kulegea huenda pamoja na usaha. Antonio Moroni na wenzake huko Italia walionyesha kuwa pini zilizopakwa hidroksiapatiti hushika imara zaidi kuliko pini tupu. Hapo kushika ndiko kunakotakiwa, kwa kifaa kinachojulikana, kwa muda unaojulikana. Sentensi ikitaja pini, inasema jambo. Ikitaja "biomateria" kwa jumla, inasema kila kitu na haisemi kitu.

Umri wa uso

Jambo la tatu ambalo sentensi imelifunika ni wakati. Kitenzi "huboresha" kiko katika hali ya mazoea: ilikuwa, iko, itakuwa. Lakini uso ulioandaliwa huzeeka hata ukiwa ndani ya pakiti. Polima iliyopitishwa katika plazma huanza kupoteza tabia ya kupokea maji kadiri siku zinavyopita. Na titani nayo haijaokoka. Takahiro Ogawa na wenzake katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha tangu mwaka 2009 kuwa titani iliyoandaliwa leo hupokea maji, lakini ikikaa wiki nne tu hewani hujikusanyia kaboni kutoka hewani, tone la maji likajikunja juu yake kama kwenye sahani ya mawese, na seli zinazoishika zikapungua sana. Walionyesha pia kuwa mwanga wa urujuanimno huweza kuurudisha uso katika hali yake. Watengenezaji wengine wameamua kuhifadhi vipandikizi vya meno ndani ya maji ya chumvi ili hewa isivifikie.

Linganisha wiki nne na safari ya kifaa kinachotoka kiwandani Ulaya, Marekani au Asia, kinavuka bahari hadi Dar es Salaam au Mombasa, kinapita mipaka, kinakaa stoo Bujumbura, halafu kinasubiri mgonjwa. Nchi isiyo na bahari hupokea nyuso zilizozeeka. Anayeandika kwamba uso fulani "huboresha" bila kutaja uliandaliwa lini ametoa ahadi kwa ajili ya mtu anayeishi karibu na kiwanda. Kwa kifaa kilichofika ufuoni kwetu, swali la kwanza lingekuwa tarehe ya kuandaliwa, nalo ni swali ambalo sentensi haikutupa neno la kuliulizia.

Kinachofika kweli

Katika Afrika Mashariki, mfano unaofaa kulinganishwa ni msumari wa SIGN. Shirika la SIGN lilianzishwa mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle huko Richland, jimbo la Washington, Marekani. Msumari wake ni wa chuma cha pua, na umetumika katika hospitali nyingi za ukanda wetu, ikiwemo Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ubunifu wake mkubwa haukuwa kwenye uso. Ulikuwa kwenye mkono wa kulengea skrubu, unaomwezesha daktari kuufunga msumari ndani ya mfupa bila mashine ya eksirei katika chumba cha upasuaji. Mbunifu aliuliza ni kitu gani kinakosekana mahali mgonjwa alipo, akaanzia hapo.

Muhimbili inatufundisha jambo jingine. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika hapo, lililolinganisha msumari wa ndani na fremu ya nje kwa wagonjwa waliovunjika mfupa wa muundi ukatoboa ngozi. Baada ya mwaka mmoja haikuonekana tofauti ya wazi kati ya makundi hayo katika vifo na kurudiwa upasuaji. Nautazama uandishi wa matokeo hayo nikiwa mhakiki: waliohesabiwa ni watu, si rangi ya zambarau, muda umetajwa, na mahali pametajwa. Mtu wa Rumonge anaweza kuuliza kama hali yake inafanana na ya mgonjwa wa Dar es Salaam. Sentensi yetu haimruhusu hata kuuliza.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Msomi wa sayansi anaweza kuniambia: kila safari ya dawa huanzia kwenye sahani ya maabara, na mkidai kila sentensi ifike hadi kitandani, utafiti utakufa kabla ya kuzaliwa. Tena, kijana wa Burundi anayetamani kutengeneza hidroksiapatiti kutoka mifupa ya mukeke, kama watafiti wa nchi nyingine walivyoitoa kwenye mifupa ya samaki na maganda ya mayai, atavunjwa moyo. Jibu langu ni kwamba sidai sahani ya maabara iachwe. Nadai itajwe. Mtafiti aliyesema "katika sahani, kwa siku 7" amesema kweli na ameacha mlango wazi kwa mwingine. Na kijana wa mukeke nampenda kuliko wote, ndiyo maana nataka aanze na vitenzi vitano mkononi, ili asije akasifiwa kwa "ukuaji" halafu akashindwa kujua ni kitu gani alichokipata. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sifa ya uso isiyotaja kazi ya ndani ni mkakasi.

Hitimisho

Naiandika upya sentensi niliyoanza nayo, kwa kutumia matokeo ya Boyan na wenzake: "Uso wa titani ulipokwaruzwa, seli za MG-63 katika sahani ya maabara ziligawanyika kidogo zaidi na kuonyesha dalili zaidi za kukomaa." Ni ndefu kuliko ya kwanza, na haina mng'ao. Lakini kila neno lake linaweza kuulizwa swali na kujibiwa. Kwa jamaa wa mgonjwa, naiandika hivi: "Chuma hiki kitaushikilia mfupa wake, na mfupa utajiunga wenyewe jeraha likiwa safi. Hakuna haja ya kuuza shamba kwa ajili ya chuma chenye uso maalumu, isipokuwa daktari akikuambia uso huo unafanya kazi gani katika mguu huu."

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar, na Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007. Istilahi za tiba zitaendelea kuundwa, na sisi tunaosoma Kiswahili Burundi tutaitwa kuzipitia au kuzifundisha. Napendekeza tuanze na mbili hizi: tuandike "kuandaa uso" mahali pa "matibabu ya uso", na tusikubali "ukuaji wa seli" kabla mwandishi hajachagua kati ya kushika, kutandaa, kugawanyika, kukomaa na kuweka madini.